Shule Iliponyamaza

Mwalimu wetu mkuu hakuwa mtu wa kuchungulia madirishani. Alikuja nyuma ya darasa, upande wa kivuli, akaegemeza sikio la kushoto ukutani, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda wa mtu kumenya muhogo mmoja. Kisha aliingia, watoto wakasimama, naye akasema kwa sauti ya chini:

"Leo kuna sauti moja haipo. Nyembamba, ya upande wa dirisha la pili. Nani hakuja?"

Nilipoyaona hayo mara ya kwanza nilikuwa na wiki moja tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Nilidhani ni mchezo wake wa kuwatisha watoto, na pengine wa kumtisha mwalimu mgeni. Nikafungua daftari la mahudhurio. Somoe wa dirisha la pili hakuwapo. Tulimkuta bwenini, amejikunja chini ya shuka, mwili unawaka homa, na hakuna aliyekuwa amemwambia Mwalimu Mkuu. Nikamtazama yule mzee aliyeujua ugonjwa wake kupitia tofali na chokaa, nikahisi ubaridi mgongoni ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na jua la Mtwara lilikuwa limeshapamba moto.

Shule ilikuwa ya bweni, darasa la tano hadi la nane, imejengwa kwenye mwinuko wa mchanga mbali kusini mwa mji. Ukisimama uwanjani uliona mikoko ya mdomo wa Ruvuma, na nyuma ya mikoko mstari mwembamba wa kijani uliokuwa ng'ambo. Watoto walikuwa mchanganyiko: wa wavuvi wa pwani, wa wakulima wa korosho wa Mpapura na vijiji vya bara, na kadiri vita vya kudai uhuru vya ng'ambo vilivyochacha, watoto waliovuka mto na bibi zao, mzigo kichwani, bila baba. Mimi ni mtu wa Mikindani. Nilikuwa sijawahi kuishi mahali ambapo vita vinasikika. Pale vilisikika siku za upepo wa kusi, kishindo kimoja kizito, halafu kimya, na chaki inatikisika kidogo kwenye kibweta chake.

Mwalimu Mkuu alivaa raba za turubai zilizokuwa nyeupe zamani, na hatua zake hazikuwa na sauti. Uligeuka, yuko nyuma yako. Watoto walisema ndani ya raba zile hamna miguu. Mpishi, mtu mzima mwenye wajukuu, aliniapia kuwa hajapata kumwona mzee yule akikanyaga kijiti kikavunjika. Mimi sikuamini, lakini nami nilizoea kukohoa kabla ya kukata kona ya jengo, ili ikiwa yupo, anijue kwanza.

Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe mkali wa kuchapa. Hakuwa. Alikuwa mkali wa maswali. Hakuwauliza watoto kama hawajambo. Aliwauliza, "Umelala?" Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu tukiwa tumesimama kando ya pipa la maji:

"Mwalimu Mwanahawa, mtoto ukimwuliza hujambo, atasema sijambo. Hata anayekufa anasema sijambo. Ukimwuliza umelala, inambidi afikiri. Akifikiri, uso unasema."

Wakati wa chakula alipanga foleni na wanafunzi, sahani mkononi, wa mwisho kabisa. Ugali ukiisha kabla hajafikiwa, hakumgombeza mpishi. Aliosha sahani yake kavu, akaiweka, akaenda zake na njaa. Siku ya pili mpishi alisonga sufuria kubwa zaidi bila kuambiwa. Jumamosi alikaa chini mchangani na pini, akawatoa watoto funza miguuni, mmoja baada ya mwingine, hata kama kuna mgeni kutoka ofisi ya elimu anamsubiri. "Mgeni ana viatu," alisema. Na neno lake moja nimeishi nalo mpaka leo, ingawa nilipolisikia nilicheka: "Shule si madarasa. Shule ni kile anachokiwaza mtoto akiwa chooni peke yake."

Nimetangulia kuyasema mazuri makusudi, kwa sababu mtu huyuhuyu ndiye aliyechonga kibao.

Kilikuwa kipande cha mninga, upana wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Sheria yake ilikuwa rahisi. Mtoto akisikika anazungumza kilugha, Kimakonde au Kimakua au Kiyao, anavikwa kibao shingoni. Atakitoa siku atakapomkamata mwenzake anazungumza kilugha na kumtaja kwa mwalimu wa zamu. Hapo kibao kinahamia shingo nyingine. Kikizunguka hivyo, alisema, baada ya mwaka mmoja shule nzima itazungumza Kiswahili. Na kwa kweli ilikuwa hivyo. Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuwa Mmakua wa bara, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba nchi changa haina muda wa kila mtu kusema lake. "Mtoto akitoka hapa asiwe wa kijiji, awe wa nchi," alituambia walimu. Tulikubali. Nami nilikubali, kwetu Mikindani Kiswahili ndicho tulichonyonya, kibao hakikuwa kinanigusa.

Wala yeye, aliyesikia homa kupitia ukuta, hakusikia kitu kwenye kibao kile.

Rozalia aliletwa na bibi yake mwanzoni mwa muhula wa pili. Alikuwa na miaka kama kumi na mbili, mwembamba, ana tabia ya kusimama mguu mmoja juu ya mwingine. Alizungumza Kimakonde cha ng'ambo na maneno machache ya Kireno. Kiswahili alikisikia, kukisema hakuweza. Siku ya tatu alivikwa kibao. Haikuwa ajabu. Wageni wote walianza hivyo, na baada ya siku mbili walikuwa wameshamkamata mtu.

Rozalia hakumkamata mtu. Alilala nacho, akaamka nacho. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Wenzake walizungumza kilugha mbele yake kwa makusudi kabisa, niliwaona, ili awataje apumzike. Aliwatazama tu. Katika wiki ya tatu aliacha kusema kabisa, hata kile Kimakonde chake. Mwalimu Saidi, makamu wa mkuu, alisema ni jeuri. Mimi nilisema ataizoea shule. Mwalimu Mkuu aliweka sikio ukutani, akalitoa, akasema, "Kuna sauti imepungua," na kwa mara ya kwanza hakuingia ndani kuuliza ni ya nani.

Baada ya siku nne aliyekuwa akilala kitanda cha jirani naye akanyamaza. Kisha watatu wa bweni lile. Kisha bweni zima la wasichana, na kutoka hapo ikaingia kwa wavulana kama moshi unavyopita chini ya mlango. Hawakuwa wagonjwa. Walikula, waliandika hesabu, waliosha nguo. Ukimwita mtoto alisimama, akakutazama usoni, midomo imefungwa bila kukazwa. Mstarini asubuhi bendera ilipandishwa na sisi walimu watano tukaimba wimbo wa taifa peke yetu mbele ya watoto zaidi ya mia moja, na sauti zetu zilikuwa kama za watu waliopotea msituni wakiitana.

Wengine wenu mmeona kimya cha watoto walioadhibiwa, kimya chenye minong'ono ndani yake. Hiki hakikuwa hicho. Wakati wa mapumziko walikaa mchangani wote wakielekea kusini. Hakuna mpira, hakuna kamba. Jua la saa sita liko utosini, vivuli vimeingia chini ya miguu yao, na mia moja na zaidi wamekaa hivyo, na unamsikia kunguru juu ya paa la jiko akibadili mguu.

Kuna jambo ambalo sikulisimulia kwa miaka mingi kwa sababu sikutaka kuonekana mwongo. Nilikuwa naandika ubaoni somo la jiografia. Nikasikia madawati yanakwaruza sakafu. Nikageuka. Darasa zima lilikuwa limegeuza nyuso kuelekea dirisha la kusini, kwa pamoja, hata waliokuwa wameinama wanaandika. Nje hapakuwa na kitu. Nilifungua mdomo kuwaita, na hapo ndipo kishindo kilipokuja kutoka ng'ambo, na chaki ikatikisika. Wakarudisha nyuso kwenye madaftari.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu. Hakucheka.

"Nimeliona jana," alisema. Akanionyesha saa yake ya mkononi. "Leo nimepima mara mbili. Wanageuka kabla. Nahesabu pole pole mpaka ishirini na kitu, ndipo kinapiga."

"Wanasikia ndege labda, Mwalimu. Watoto wana masikio mepesi."

"Madarasa yote manne yanageuka pamoja. Hata lile la nyuma lisilo na dirisha la kusini. Lile linageukia ukuta. Mimi nilikuwa nimeweka sikio upande wa pili wa ukuta huo."

Habari zikatoka nje ya shule. Daktari alikuja kutoka mjini, akawaangalia makoo kwa kijiko na tochi, akasema makoo ni mazima. Wazazi wa pwani walitaka asomewe dua kila mtoto, na ilisomwa, na watoto waliinua mikono na kuishusha uso bila kutamka amina. Wazazi wa bara walitaka mganga. Ofisi ya elimu ikaleta barua kwamba Jumatatu ifuatayo afisa atafika, na hali ikiwa bado hivyo shule itafungwa na watoto watagawanywa. Kwa waliovuka mto kugawanywa kulikuwa na maana moja: kurudi kambini, kusoma basi.

Mwalimu Saidi aliona tunachezewa. Alhamisi, Mwalimu Mkuu akiwa ameenda mjini, aliwachagua saba kutoka darasa la sita, akawapanga mbele ya jengo, akawachapa viboko sita sita. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza. Nilisikia fimbo ikikata hewa. Nilisikia ikitua. Baina ya hayo hapakuwa na kitu. Wa kwanza alimaliza zake, akasogea, wa pili akaja. Machozi yaliwatoka, midomo ikabaki ilivyo. Alipofika wa tano fimbo ya Mwalimu Saidi ilianza kutua taratibu, kama mtu anayesahau anachokifanya, na wa saba hakuchapwa. Mwalimu Saidi aliketi kwenye ngazi na fimbo mapajani.

Mwalimu Mkuu alimkuta palepale aliporudi. Nilitegemea ghadhabu.

"Umewachapa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Hukusikia kitu," alirudia mzee. Akakaa naye kwenye ngazi. Walikaa bega kwa bega mpaka kengele, ile ya kipande cha reli kuukuu, ilipogongwa kwa chakula, na Mwalimu Saidi aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu.

Kesho yake, Ijumaa, Mwalimu Mkuu aliniambia nichukue baiskeli. Twende kwa bibi yake Rozalia.

Alikuwa akikaa karibu na mto, kwenye vibanda vya waliovuka. Tulimkuta anaparaza muhogo mkavu. Alikuwa mzee sana, na chale za zamani usoni, zile za mistari, na ndonya, kile kipini cha mdomoni, imeacha tundu lake kwenye mdomo wa juu. Mwalimu Mkuu alichutama mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu mkubwa?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuuliza habari za mjukuu wako."

"Sasa ndiyo unauliza."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kinatoka polepole, na kwa sababu hiyo kila neno lilifika.

"Askari walipoingia kwetu mimi nilikuwa shamba la mbali. Yeye alikuwa na mama yake na wadogo zake wawili. Nilimkuta siku ya tatu, kwenye matete, pembeni ya maji. Peke yake. Mama yake alimwambia, kaa kimya mpaka nikuite. Akakaa. Aliyemwambia hakurudi kuita." Aliparaza muhogo mwingine. "Aliona nini mle kwenye matete, mimi sijui. Hakunieleza. Tulivuka, hasemi. Mwezi, hasemi. Nikampikia, nikamwimbia. Siku moja akasema neno. Kimakonde, maana ndiyo lugha aliyokuwa nayo. Mimi nikalia. Nikasema, nimpeleke shule, kuna watoto wenzake, atasema zaidi. Wewe ukamfunga ubao shingoni."

Nilimwona Mwalimu Mkuu akishusha goti moja mchangani, kama mtu aliyeteleza.

"Nifanyeje, bibi?"

"Unaniuliza mimi? Mwalimu nani hapa?"

"Leo si mimi."

Bikizee akasogeza ungo wake pembeni. Na yule mkuu wa shule, ambaye maafisa walimwogopa, alikaa mchangani mpaka jua likainama, anafundishwa Kimakonde kama mtoto wa darasa la kwanza, sentensi chache tu, anakosea, anagombezwa, anarudia. Njia nzima ya kurudi alikuwa mbele yangu kwenye baiskeli, akizisema kwa sauti, na wenye mashamba ya mikorosho walisimama kumshangaa.

Jumatatu Landrova ya ofisi ya elimu ilifika kabla ya mstari. Afisa Elimu alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alisimama na sisi walimu. Watoto walikuwa kwenye mistari yao. Bendera ikapanda, tukaimba sisi walewale watano, Afisa akaangalia huku na huku kana kwamba wimbo umekatwa katikati.

Mwalimu Mkuu alishuka kibarazani. Alikwenda hadi kwa Rozalia, akainama, akamwondolea kamba shingoni kwa mikono yote miwili. Akaivaa yeye. Kibao kikakaa kifuani juu ya tai yake. Kisha akarudi mbele, akaanza kuzungumza Kimakonde.

Mimi sikielewi, nilitafsiriwa baadaye. Aliwaambia kibao hiki amekichonga yeye kwa mkono wake. Aliwaambia amesikia watoto wengi maishani lakini hawa hakuwasikia. Afisa Elimu alininong'oneza, "Anasema nini huyu? Mbele ya bendera?" Mzee aliendelea, jasho linamtiririka, anatafuta neno, analipata, anapoteza lifuatalo. Alipofika kwenye neno lenyewe hasa, la kusema nimewakosea, ulimi ukamteleza, akasema nimewapika.

Nimewapika, watoto wangu. Nisameheni.

Kwenye mstari wa darasa la nane, kiranja wa wasichana, binti mrefu aliyeitwa Fatu, akasema kwa sauti iliyokwaruza kama bawaba:

"Siyo hivyo, Mwalimu."

Akamtajia neno lenyewe. Mwalimu Mkuu akalirudia. Akakosea tena. Mwingine kutoka darasa la tano akamsahihisha, na mwingine, na halafu kicheko kikatoka mahali fulani katikati, kidogo, chenye woga, na kikashika mistari yote. Walikuwa wanacheka na wanalia na kila mtu anasema lake, Kimakonde, Kiyao, Kiswahili cha pwani, makelele matupu. Na katikati ya makelele hayo kishindo kilipiga ng'ambo. Hakuna mtoto aliyekuwa amegeuka. Wote walishtuka baada yake, kama tulivyoshtuka sisi, wakashikana.

Mwalimu Mkuu alinitazama kwa mbali. Nilijua anawaza ninachowaza.

Rozalia peke yake hakucheka siku hiyo. Alisimama mguu juu ya mguu, mkono uko shingoni pale kamba ilipokuwa.

Zilipita siku nane. Ilikuwa saa saba mchana, watoto wamepumzika, nami nilikuwa nasahihisha madaftari kwenye kibaraza cha pili. Nilimwona Rozalia akivuka uwanja peke yake kwenda ofisini. Mlango wa ofisi haukufungwa. Mle hamkuwa na kiti cha mkuu. Palikuwa na vigoda viwili, kwa kuwa mzee hakupenda mtoto amtazame akiwa chini. Niliwaona wamekaa, magoti karibu kugusana. Nikaona midomo ya msichana inakwenda. Sauti haikunifikia. Midomo ilikwenda, ikasimama, ikaendelea. Sikumwona mzee akiuliza kitu. Wakati fulani aliteremka kwenye kigoda akakaa sakafuni, na yule mtoto akaendelea kuzungumza, sasa yeye ndiye anayemwangalia mzee kutoka juu.

Alipotoka, Rozalia alipita mbele yangu. "Shikamoo, mwalimu," alisema. Kiswahili safi. Alikwenda kuruka kamba.

Mwalimu Mkuu alikaa mle ndani mpaka jioni. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akanawa uso, akanawa mikono hadi viwikoni, akanawa tena. Nilimwuliza kama anahitaji chai. Nadhani hakuwa ananiona. Toka siku ile hakuweka tena sikio ukutani. Miezi ilipita, mara moja nikadiriki kumwuliza mbona ameacha.

"Ninayoyasikia yananitosha," alisema.

Shule haikufungwa. Afisa Elimu aliandika kwamba hali imetulia. Aliandika pia kwamba mkuu wa shule amehutubia wanafunzi kwa kilugha mbele ya bendera na kujidhalilisha, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuongoza. Mwisho wa mwaka alivuliwa ukuu, akapelekwa kufundisha darasa la kwanza kwenye shule ya kijiji upande wa Mpapura. Mwalimu Saidi alipewa nafasi yake. Alikwenda ofisini mjini kuikataa. Akaambiwa si ombi. Siku ya kuondoka mzee hakuaga mstarini. Alipita bweni kwa bweni, akamwuliza kila mtoto kama amelala, akapanda gari la korosho. Kibao sikujua kimekwenda wapi, na Mwalimu Saidi, kwa miaka yote aliyoiongoza shule ile, hakushika fimbo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ng'ambo walikuwa wamepata uhuru wao, na malori yalikuwa yakiwabeba watu kurudi makwao. Nami nilikuwa nimepata barua ya kuwa mkuu wa shule ya msingi huko Naliendele, na nilikuwa naogopa. Nilisikia amestaafu, anaishi Likombe kwa binti yake. Nilimkuta nyuma ya nyumba anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta yake. Alikuwa amekonda, lakini alinitambua kabla sijapiga hodi.

"Karibu, Mwalimu Mwanahawa. Umelala?"

"Sikulala, Mwalimu," nilisema, na nikamweleza kuhusu barua.

Hakunipa mawaidha niliyoyajia. Aliniuliza jiko la shule liko wapi, vyoo viko umbali gani na nyumba za walimu, njia ya watoto inapita wapi wakati wa mvua. Kisha akaendelea na korosho zake, na nilipodhani mazungumzo yamekwisha akasema:

"Rozalia alikuja."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Mkubwa, ana mtoto mgongoni. Bibi yake alikufa. Wanarudi kwao, lori lilikuwa linamsubiri barabarani, dereva anapiga honi. Akaniambia, Mwalimu, siku ile ofisini nilikueleza jambo. Nimejaribu kulikumbuka, silikumbuki. Nakumbuka vigoda, nakumbuka mlango, nakumbuka nilizungumza sana. Niliyoyasema yamefutika. Akasema, narudi kijiji kilekile, nahitaji kujua. Niambie nilichokuambia."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa imesimama.

"Ukamwambia?"

"Nilimtazama yule mtoto mgongoni. Amelala, mdomo wazi. Nikamwambia, mwanangu, uzee huu. Nami nimesahau."

Huyu alikuwa mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumridhisha mgeni wa ofisi.

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, kama sote wawili tumesahau, basi pengine halikuwa jambo kubwa. Akanishika mkono, akapanda lori."

Ndani ya nyumba binti yake alikuwa anaita kwamba chai iko tayari. Niliuliza, ingawa nilijua sikupaswa kuuliza:

"Na kweli umesahau, Mwalimu?"

Aliokota korosho, akaiweka juu ya jiwe, akaigonga mara moja, ikafunguka. Aliitoa nzima, akanipa.

"Kula," alisema. "Una shule ya kuongoza."